Tabaka la Mzee Kavu

Jumatatu, 3 Machi

Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha birika la umeme la ofisi yetu, lililofariki leo asubuhi mikononi mwa Sekretari baada ya kuugua kwa muda mrefu. Limeacha wafanyakazi tisa na pakiti mbili za majani ya chai. Bosi aliitisha kikao cha dharura. Imeundwa kamati ya birika, yeye mwenyewe mwenyekiti.

Mengine ya leo ni madogo. Nimeona kitu kwenye tabaka la shemeji, na laiti nisingekiona.

Niandike vizuri, maana siku hizi nasahau hata nilikoweka miwani niliyoivaa. Shemeji ni kaka mkubwa wa mume wangu. Nyumbani ni shemeji, kwenye karatasi za ofisi ni mjiolojia mkuu, na kwenye korido ni Mzee Kavu. Jina hilo alipewa kwa sababu kila kisima alichoshauri kichimbwe kilitoka kikavu. Si gesi, si harufu ya gesi. Jina analijua. Siku moja alimsikia mlinzi akilitaja, akamwambia tu: “Ongeza na Mjiolojia mwanzoni, kijana, nina cheo.”

Ndiye aliyeniingiza hapa, zama zile nabadilisha tepu kwenye mashine, kazi ambayo hata nyani mwenye nidhamu angeiweza. Mengine nilijifunza kwa kuchungulia mabegani mwa watu. Shingo yangu mpaka leo imepinda kidogo kushoto.

Anastaafu Ijumaa ya wiki ijayo. Safari hii haondoki mikono mitupu. Ana tabaka — refu, linang’aa, limelala chini kabisa ya eneo, na umbo lake ni lile ambalo gesi hupenda kujificha chini yake. Miaka analihangaikia. Wenye eneo wanataka kuchimba. Uamuzi ni Jumatatu, tarehe 17.

Nilichokiona ni hiki. Juu ya tabaka lake kuna matabaka mengine mawili makubwa, la juu na la kati. Lile la kati likipanda kidogo, la shemeji linapanda karibu mara mbili yake. Likishuka, hivyo hivyo. Matabaka ya kweli hayaigani namna hiyo. Yalitandikwa zama tofauti, hayakusoma shule moja.

Mashine ikiwashwa inatoa kisanduku cha onyo: leseni ya programu inakaribia kuisha. Kila mtu anabonyeza “Sawa.” Nami nikabonyeza.


Jumanne, 4 Machi

Chai hakuna. Kamati imekutana. Inasubiri bei tatu za kulinganisha.

Nimepiga hesabu nyuma ya bahasha. Kazi yetu ukiivua nguo ni hii: magari mazito yanatetemesha ardhi, sauti inashuka, inagonga matabaka, inarudi juu, vinasa vyetu vinaipokea. Iliyochelewa kurudi tunasema imetoka mbali zaidi. Basi.

Shida ni kwamba kuchelewa si ushahidi wa safari. Mume wangu akirudi usiku na kusema alikuwa mji wa pili, yawezekana alikuwa hapo mtaani tu, anatoka kwa kinyozi anarudi kwa fundi viatu, anarudi tena kwa kinyozi. Sauti nayo ina tabia hiyo. Inashuka mpaka tabaka la kati, inapanda, inagonga upande wa chini wa tabaka la juu, inashuka tena mpaka la kati, ndipo inatoka. Inafika imechelewa, imechoka, vumbi usoni, na inakuapia kwamba inatoka chini kabisa. Huo ni mwangwi wa ndani. Haukutoka popote, ulikuwa unazunguka ndani ya nyumba.

Na uzuri wake — au ubaya — unaweza kuutabiri. Tabaka la juu linajibu kwenye sekunde moja nukta mbili. La kati, moja nukta tisa. Chukua la kati mara mbili, toa la juu. Mbili nukta sita.

Tabaka la shemeji liko kwenye mbili nukta sita.

Nilirudia hesabu. Nikaitupa bahasha. Baadaye nikaiokota, ilikuwa bili ya maji.


Alhamisi, 6 Machi

Nimemweleza mume wangu jikoni, yeye anaosha vyombo, mimi nasuuza.

“Kwa hiyo tabaka la kaka halipo?”

“Sijasema halipo. Nimesema huenda ni mwangwi.”

“Lisemwalo lipo, mama mapacha.”

“Kwetu ofisini lisemwalo linaweza kuwa limesemwa mara mbili tu.”

Alisugua sufuria moja mpaka nikaionea huruma. Halafu akasema niachane nalo. Mtu amebakiza wiki moja. Muache astaafu na tabaka lake.

“Na wakichimba?”

“Wakichimba atakuwa ameshastaafu.”

“Wakikuta mwamba mtupu atakuwa Mzee Kavu mpaka kaburini. Na mimi nitakuwa nilijua.”

Akanipa sufuria. Ilikuwa bado ina masizi.


Ijumaa, 7 Machi

Nimeanza kazi ya kuutabiri mwangwi wote, eneo zima, kisha kuutoa. Bosi nimemwambia ni “usafi wa mwisho wa data.” Bosi anapenda neno usafi. Alikuwa na karatasi za bei za mabirika mkononi, hakuniuliza zaidi. Nikamkumbusha na leseni. Akasema barua imeshaandikwa. Sikuuliza kama imeshapelekwa. Mtu mzima hujua maswali ya kutouliza siku ya Ijumaa.

Niweke hapa jambo la kiufundi, maana ndilo linaloninyima raha. Mwangwi uliotabiriwa haulingani sawasawa na mwangwi wenyewe. Unakaribia. Hivyo unairuhusu mashine iusogeze kidogo, iuvute, iubane, mpaka ukae, ndipo itoe. Uhuru huo unaoipa mashine sisi tunauita kamba. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Ukimpa fupi, mabaki ya mwangwi yanasalia. Ukimpa ndefu, anamaliza mwangwi na kuvuka uzio na kula shamba la jirani, yaani anakula na tabaka la kweli kama lipo. Na haachi hata jani la kukuonyesha kwamba hapo palikuwa na shamba.

Kamba fupi inachukua siku nyingi kwenye mashine zetu kongwe. Ndefu inakwenda haraka, kama ulafi wowote.

Nilikuwa nimechoka. Nimeanza na ndefu.


Jumapili, 9 Machi

Shemeji alikuja kula. Amevaa shati jeupe. Mama mkwe alikaa katikati ya wanawe wawili kama jaji.

“Huyu anaona chini ya ardhi,” akasema, anamwonyesha shemeji. “Na huyu haoni soksi zake mwenyewe.” Mume wangu akasema soksi zinahama. Tukacheka.

Mama aliuliza tena hilo tabaka likoje. Shemeji akamweleza taratibu, bila maneno makubwa. Kwamba ni kama paa. Kwamba gesi ikipanda inakwama pale. Kwamba hatakuwepo watakapolifikia lakini wamemwahidi kumpigia simu. Mama akauliza atajuaje kama ni kweli. Akasema: “Mama, visima vyote vile vikavu nilikuwa na wasiwasi navyo nikasaini. Hili sina wasiwasi nalo.”

Nilikuwa na bakuli mkononi. Nikafungua mdomo. Nikasema, “Shemeji —”

Mama mkwe akadakia: “Mwongezee, mwanangu, amekonda.”

Nikamwongezea.

Wakati wa kuondoka alisimama mlangoni akaniuliza kama niko salama, naonekana mchovu. Nikasema ni mambo ya chai. Akasema kweli, ofisi bila birika si ofisi.


Jumatatu, 10 Machi

Mbuzi wa kamba ndefu amerudi. Amekula kila kitu.

Nilifungua picha na palipokuwa na tabaka la shemeji pako peupe. Si mabaki, si kivuli. Safi kama meza ya mtu asiye na kazi. Kwa nusu saa hivi nilijiona mjanja wa dunia. Nikaihifadhi picha kwenye folda yetu ya wote, kama kawaida.

Kisha kiburi kikaisha, likaja swali. Safi mno. Mwangwi ukiondoka huacha kamasi fulani, sijui nisemeje. Hapa hapana hata alama ya kidole. Inawezekana lote lilikuwa mwangwi. Inawezekana pia mwangwi na tabaka la kweli vilikaa mahali pamoja, nami nimevimeza vyote viwili. Kutokana na picha hii siwezi kujua, wala mtu mwingine yeyote hawezi.

Nimepanga kamba fupi sasa. Mashine inasema Ijumaa jioni. Ijumaa jioni shemeji atakuwa ameshakabidhi kitambulisho.

Kisanduku cha leseni kimebadilika rangi, sasa chekundu. Sawa, sawa.


Jumanne, 11 Machi

Birika limepatikana! La chuma, lina taa ya buluu. Bosi alilizindua kwa hotuba. Alimshukuru kila mjumbe wa kamati kwa cheo chake. Maji yalichemka kabla hajamaliza, yakapoa, tukayachemsha tena.

Sekretari alinijia na soda mkononi. Wanaandaa keki ya kumuaga Mzee, na siku hizi waokaji wanachapa picha juu ya keki. Bosi amependa wazo: picha ya mpasuo wa ardhi, yaani ardhi kama imekatwa toka juu hadi chini, na tabaka lake Mzee liking’aa. Nina picha?

Nikamwambia ziko kwenye folda. Nilikuwa nashindana na faili lililogoma kufunguka, hata sikugeuka.

“Ipi sasa, dada? Zote zinafanana, mistari mistari.”

Nikamwambia yoyote ya eneo letu, zimeandikwa jina. Akasema sawa, akaniachia soda.


Jumatano, 12 Machi

Shemeji ananikabidhi vitu vyake. Rula ya chuma. Penseli za rangi, zimebaki vipande, nyekundu ndiyo fupi kuliko zote kwa sababu ndiyo aliyochorea tabaka. Kikombe kisicho na mkono.

Alifunga mlango. Nikajua sasa anajua. Kumbe hapana.

“Shemeji, tabaka langu nakuachia wewe. Hawa wengine wana elimu lakini hawana subira. Wewe ukiangalia kitu unakiangalia mpaka kinaona haya.”

Nikasema, “Ukijua nimeangalia nini utafurahi?”

Akatabasamu. “Umeanza mafumbo kama mama.”

Ningeweza kusema hapo. Mlango umefungwa, viti viwili, mtu mwenye akili zake timamu. Lakini ningesema nini? Kwamba nimelifuta, na sijui kama nimefuta uongo au ukweli? Mtu hapelekewi habari nusu siku mbili kabla ya kuagwa. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Jina la kweli la sababu hiyo ni woga, ila ukiivalisha koti inapita.

Nilichukua rula. Nikamwambia nitaitunza.


Alhamisi, 13 Machi

Hamna. Mashine inakwenda. Nimekunywa chai mara sita, birika lina nguvu.

Mume wangu aliuliza, “Umemwambia?” Nikamuuliza, “Umeona soksi zako?”


Ijumaa, 14 Machi

Naandika nikiwa mezani kwangu ofisini, kwa penseli yake nyekundu, ndiyo iliyokuwa karibu. Watu wengi wameshaondoka.

Sherehe ilikuwa mchana, chumba cha mikutano. Viti vimepangwa, kitambaa cheupe, soda za rangi zote. Mama mkwe alikuwa mbele, amevaa vizuri kuliko sote. Bosi alihutubia. Alisema Mzee ametufundisha kwamba ardhi haidanganyi. Nikaangalia viatu vyangu. Ardhi inadanganya, tena kwa adabu, inasubiri umalize kuuliza.

Kisha keki. Sekretari na dereva waliibeba kama jeneza la mtu mdogo. Ilikuwa kubwa, na kweli mpasuo wa eneo letu umechapwa juu yake, mistari yote, rangi zote. Watu wakapiga makofi. Walimpa shemeji kisu chenye utepe.

Akavaa miwani. Akainama.

Nikaona macho yake yanashuka kwenye keki, taratibu, jinsi yanavyoshuka kwenye skrini. Tabaka la juu. Tabaka la kati. Kisha chini, chini zaidi. Yakasimama. Yakaenda kushoto mpaka ukingoni, yakarudi kulia mpaka ukingoni.

Ndipo nikatazama na mimi. Peupe. Sukari tupu.

Folda yetu huweka picha mpya juu kabisa. Sekretari alichukua iliyokuwa juu, mtoto wa watu, ingekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo.

“Keki nzuri sana,” shemeji akasema. “Lakini tabaka langu liko wapi?”

“Limeshaliwa, Mzee!” Bosi akasema, na chumba kizima kikaangua kicheko. Mama mkwe pia alicheka, bila kujua anacheka nini, kwa furaha ya kuona wenzake wanacheka.

Shemeji hakucheka. Aliinua kichwa, akapita uso wa Bosi, akapita uso wa Sekretari, akafika kwangu akatulia. Hakuhitaji kuuliza nani. Kuna watu wangapi humu wanaoweza kufuta kitu kwa usafi ule.

Alinisogelea na sahani kana kwamba ananipa kipande cha kwanza. Kwa sauti ya chini:

“Kamba ilikuwa na urefu gani?”

“Ndefu.”

“Ndefu kiasi gani?”

“Ndefu mno, shemeji. Nilikuwa nimechoka.”

“Na fupi?”

“Inamalizika leo jioni.”

Akaitikia kwa kichwa. Akarudi mezani, akakata keki, akamlisha mama yake, akamlisha Bosi. Kipande cha chini, pale kwenye mbili nukta sita, akakiweka kwenye sahani yake. Akakila chote, amesimama. Alipiga picha na kila aliyetaka. Alikabidhi kitambulisho, akasaini, akapewa risiti ya kitambulisho.

Kisha akamwambia mume wangu ampeleke mama nyumbani, yeye atakuja na mimi. Mume wangu alinitazama. Nikampungia mkono aende.

Tulipanda ngazi. Kwenye ghorofa ya pili ndipo aliposema.

“Ungeniambia Jumapili.”

“Nilitaka kukuambia, shemeji.”

“Ukaniongezea chakula.”

“Mama alisema umekonda.”

Akatoa sauti fulani puani. Sijui kama ni kicheko. Akasema yeye mwenyewe aliwahi kupiga hesabu hiyo, la kati mara mbili utoe la juu, miaka kadhaa iliyopita. Ikatoka mbili nukta sita. Akasema moyoni kwamba mambo mawili yanaweza kukaa nyumba moja, mwangwi na tabaka, mbona watu wanakaa. Hakuendelea mbele. Hakutaka kujua.

“Sasa unataka?” nikamuuliza.

“Jumatatu wanaamua. Sitaki watoboe ardhi ya watu kufuata kelele zangu. Likiwepo, lipo. Lisipokuwepo, uandike halipo, uandike na jina langu kwamba nimekubali.” Kisha, ngazi mbili mbele: “Lakini liwepo.”

Mashine ilikuwa imemaliza. Imeandikwa kabisa: kazi imekamilika, bila kosa. Nikamvutia kiti. Hakutaka kile cha wageni, akataka kile chake cha zamani chenye gurudumu bovu, nikakifuata chumba cha pili. Tukakaa. Akafuta miwani kwa ncha ya shati. Akasogea karibu na skrini mpaka nikaona mwanga wake kwenye paji la uso wake.

“Fungua.”

Nikabonyeza.

Kisanduku chekundu. Safari hii hakina “Sawa.”

Nimempigia Bosi, simu haipokelewi. Nimempigia Sekretari, amesema barua ya kulipia leseni bado iko kwenye trei, ilikuwa inasubiri sahihi ya Bosi, na Bosi alikuwa na ile kamati, kisha na sherehe. Wenye programu wanafungua Jumatatu, saa ile ile ya kikao. Shemeji bado amekaa mbele ya skrini, mikono magotini, anatazama kile kisanduku kwa subira, kana kwamba nacho kina kitu chini yake. Nimemuuliza kama twende nyumbani. Amesema tukae kidogo.

Nimemtengenezea chai. Birika linafanya kazi vizuri sana.